Mbegu Gani ya Kuku wa Nyama Uanze Nayo Dar es Salaam: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila wiki simu yangu inaita kwa swali lilelile. "Dada, nimepata milioni moja, nianze na broila au Sasso?" Mwingine ananitumia picha ya kifaranga na kuuliza kama huyo ni Kuroiler kweli. Wa tatu, na huyu ndiye anayeniumiza moyo, ana kuku mia wa wiki saba bandani, mfuko wa mwisho wa chakula ameshaufungua, ndipo anauliza wateja wanapatikana wapi.

Nimeona niyaandike yote mahali pamoja. Nafuga Chanika, na ninayemwandikia ni mtu mwenye banda nyuma ya nyumba, awe Kimara, Mbagala, Goba au Kigamboni, anayetaka kuanza na kuku hamsini, mia, au wakizidi sana mia mbili.

Kabla ya hatua yoyote, shika hili: anza na mnunuzi na tarehe ya kuuza, halafu urudi nyuma mpaka ukifikie kifaranga. Siku unayoagiza vifaranga, siku ya kuwauza iwe imeshaandikwa kwenye daftari. Karibu kila hasara niliyoiona mtaani kwetu ilianza pale mtu alipopenda kifaranga kwanza.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Daftari na kalamu.
- Mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki. Bila mizani utakuwa unakisia tu.
- Namba za simu za wanunuzi watatu uliozungumza nao uso kwa uso.
- Namba ya afisa mifugo wa kata yako.
- Banda lililokamilika, siyo linalosubiri bati la mwisho.
- Pesa ya chakula chote mpaka siku ya kuuza, mkononi. Pesa ya vifaranga peke yake haitoshi hata kidogo.
- Chanzo cha joto cha aina mbili, kwa mfano taa ya umeme na chungu cha mkaa, kwa sababu umeme ukikatika saa nane usiku vifaranga hawatausubiri urudi.
- Chupa ya chai yenye mdomo mpana na barafu, ya kubebea chanjo kutoka dukani.

Hatua ya 1: Mtafute mlaji kabla ya kuku

Tenga siku mbili. Siku ya kwanza zunguka mtaani kwako jioni, kuanzia saa kumi na mbili, wakati vibanda vya chipsi vinawasha moto. Usimkatishe mtu kazi. Nunua chipsi, kaa, kisha uliza. Anauza kuku wangapi kwa siku? Anawataka wazima au waliochinjwa? Wa ukubwa gani? Sasa hivi analetewa na nani? Analipa papo hapo au mpaka auze?

Siku ya pili amka mapema uende soko la kuku, Kisutu au Shekilango. Angalia matenga ya kuku wa kienyeji yanavyoshushwa kutoka Singida, Dodoma na mikoa mingine ya bara. Sikiliza bei ya jogoo, ya tetea, ya chotara (kuku wa mchanganyiko kama Sasso na Kuroiler), ya broila. Ukitoka hapo utakuwa umejua mambo ambayo hakuna muuza vifaranga atakayekuambia.

Jambo la kwanza utakaloligundua ni kwamba mwenye kibanda cha chipsi hataki kuku mkubwa. Nilijifunza hili kwa maumivu. Nilimpelekea jirani yangu broila wa kilo mbili na nusu, nikiwa na fahari kabisa. Akamshika miguu yote miwili, akamning'iniza, akampima kwa mkono, kisha akamrudisha kwenye tenga. "Huyu nikimkata robo nne, kila robo nauza bei ileile ya kuku mdogo," akaniambia. "Niletee wa kilo moja na robo akishachinjwa." Alikuwa na haki. Ule uzito wote niliouongeza kwa chakula changu, yeye asingeulipwa na mteja wake, na mimi nisingeulipwa na yeye.

Wanunuzi wengine wanataka vitu tofauti. Baa za kuku choma na wauza supu ya asubuhi wanapenda kienyeji au chotara aliyekomaa, mwenye mifupa migumu na mchuzi mzito. Familia zinamtaka kuku mzima, mwenye rangi, hasa kuelekea Idd, Pasaka na Krismasi. Wapishi wa harusi wanataka wengi kwa siku moja, na siku yenyewe inajulikana mapema.

Angalizo: Dar wateja wengi ni Waislamu, na wataka kujua nani amechinja. Ukipanga kuuza waliochinjwa, patana mapema na mchinjaji anayekubalika mtaani.

Hatua ya 2: Andika ni siku ngapi unaweza kungoja

Hapa jibu ni moja kati ya matatu. Kama pesa yako lazima irudi ndani ya wiki tano au sita, wewe ni mtu wa broila. Kama unaweza kungoja miezi mitatu au minne na bado ukalisha, fikiria chotara. Kama una eneo la kuku kutembea na huna haraka hata kidogo, kienyeji wanakufaa.

Pesa ya ada ya mtoto au ya kodi ya nyumba isiingie bandani. Kuku hawajui tarehe ya kodi.

Hatua ya 3: Pima banda lako, na pima joto la Dar

Kwa joto letu, broila wanane hadi kumi kwa mita moja ya mraba wanatosha, na kati ya Desemba na Machi mimi sizidishi wanane. Kwa hiyo broila mia wanahitaji chumba cha kama mita tatu kwa nne. Chotara wanakaa muda mrefu na wanakuwa wakubwa: weka watano au sita kwa mita ya mraba, maana yake mia wanahitaji kama mita za mraba kumi na saba hadi ishirini.

Ubavu mrefu wa banda uelekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni ligonge ncha fupi. Ukuta wa tofali uishie magotini au kiunoni, juu yake wavu mpaka kwenye paa. Nimeona mabanda mengi mjini yamejengwa kama stoo, ukuta mpaka juu na kidirisha kimoja, kwa kuogopa wezi. Broila wa wiki ya tano ndani ya banda kama hilo, mwezi wa Februari saa nane mchana, anakufa. Kama kwa sababu ya usalama huwezi kufungua ukuta, basi usichague broila kwa msimu wa joto. Chotara wanalivumilia joto vizuri zaidi kwa sababu mwili wao haukui kwa kasi kiasi hicho.

Hapohapo fikiria majirani. Kuku mia kwenye maranda mabichi wananuka, na malalamiko yakifika serikali ya mtaa utaambiwa uwaondoe wakiwa hawajafikia uzito. Zungumza na jirani mapema.

Hatua ya 4: Sasa linganisha mbegu

*Broila.* Hawa ndio kuku weupe wa nyama. Majina utakayoyasikia kwa mawakala ni Cobb 500 na Ross 308. Kwa mfugaji wa kuku mia tofauti kati ya majina hayo mawili ni ndogo kuliko tofauti kati ya banda zuri na banda baya, kwa hiyo usipoteze usingizi hapo. Akilishwa vizuri anafika kilo moja na nusu hadi mbili akiwa hai ndani ya wiki nne hadi tano. Watu bado wananiuliza kama anapewa homoni. Hapewi. Anakua haraka kwa sababu kwa miongo mingi wazalishaji wamekuwa wakichagua wazazi wanaokua haraka kuliko wenzao, kizazi baada ya kizazi, na kwa sababu chakula chake kina protini nyingi. Udhaifu wake ni joto, miguu, na kutokuwa na subira: akishafika uzito, kila siku ya ziada inakula faida.

*Chotara: Kuroiler na Sasso.* Kuroiler walitengenezwa India, Sasso ni wa Ufaransa, na wote wameshazoeleka hapa Tanzania. Wana rangi kama kienyeji, wanakula chakula cha dukani na pia wanajitafutia majani na wadudu. Akila vizuri anafika kilo moja au zaidi kidogo kwenye wiki ya nane, na kama kilo moja na nusu hadi mbili kwenye wiki ya kumi na mbili. Majogoo wanaendelea kupanda baada ya hapo. Sasso kwa uzoefu wangu anapenda kulishwa zaidi na anajaza kifua. Kuroiler anatembea na kuchakura zaidi. Kwa mtu wa Dar mwenye kiwanja cha wastani na wateja wa familia, mimi huwa naelekeza hapa.

Swali linalokuja kila mara: "Nikitotolesha mayai yao mwenyewe?" Utapata vifaranga, lakini hawatafanana na wazazi. Hawa ni mchanganyiko, na kizazi kinachofuata kinatawanyika: mmoja mkubwa, mmoja mdogo, mmoja anakua kama kienyeji wa kawaida. Kwa nyama, nunua vifaranga wapya kila awamu.

*Australorp weusi*, ambao wengi wanawaita kuku wa Malawi, ni wa mayai na nyama kwa pamoja. Wazuri kwa familia. Kama lengo ni nyama pekee, chotara wa juu wanawapita.

*Kienyeji.* Nyama yake ndiyo inayopendwa kuliko zote, na bei yake kwa kilo inaonyesha hivyo. Lakini anachukua miezi mitano hadi saba kufikia kilo moja au moja na nusu. Ukimfungia na kumlisha mfuko wa dukani kwa muda wote huo, hesabu haitakubali. Kienyeji ana faida pale anapojitafutia sehemu kubwa ya chakula, na Dar maeneo hayo yamebaki pembezoni: Chanika, Kisarawe II, Pembamnazi, Mabwepande. Kuchi, yule mrefu mwenye shingo nene, ni mkubwa kuliko kienyeji wengine na jogoo wake anauzwa bei nzuri, ila hatagi mengi na majogoo wanapigana vibaya.

Tahadhari kubwa kuliko zote katika mwongozo huu ni *majogoo wa mayai*. Vituo vinavyototoa kuku wa mayai vinabaki na vifaranga madume wasiotakiwa, na wa kuku wa mayai wa kahawia mara nyingi hutoka weupe au wa njano hafifu. Kwa macho wanafanana na broila. Niliwahi kununua boksi mbili kwa muuzaji mmoja karibu na stendi, kwa bei ya chini kidogo kuliko kawaida, nikaambiwa ni broila. Siku ya saba niliwapima: gramu sitini, gramu sabini. Broila wa siku saba anatakiwa awe amefikisha mara nne ya uzito aliokuja nao, yaani kama gramu mia moja na sitini na kuendelea. Niliwalisha hata hivyo nikitumaini, na walipofikisha miezi mitatu bado walikuwa na miguu mirefu na kifua kama kisu. Sasa naangalia mguu: wa broila ni mnene na mfupi hata siku ya kwanza, na mwili wake ni mpana ukimweka kiganjani. Kifaranga wa mayai ni mwembamba, mwepesi, anarukaruka.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya chakula kwenye daftari

Chakula ndicho kinachokula zaidi ya nusu ya pesa yako, kwa mbegu yoyote. Broila mia mpaka mwisho wa wiki ya nne wanakula mifuko minne hadi minne na nusu ya kilo hamsini. Wiki ya tano peke yake inaongeza mifuko miwili au zaidi. Soma sentensi hiyo mara mbili. Chotara mia waliofungiwa muda wote watamaliza mifuko kumi na zaidi mpaka wiki ya kumi na mbili.

Huu hapa mfano wa broila mia wa siku thelathini na mbili. Bei ni za kukokotolea tu; weka za dukani kwako.

- Vifaranga 100 kwa shilingi 1,800: 180,000
- Chakula mifuko mitano na nusu kwa 80,000: 440,000
- Maranda, mkaa, chanjo na vitamini: 70,000
- Jumla: 690,000

Wakifa watano, wanabaki 95. Gawanya: kila kuku amekugharimu karibu 7,260, bila kuhesabu jasho lako. Ukiuza 8,000, unabaki na kama 70,000 kwa kundi zima. Sasa mteja aseme, "Njoo Jumatatu," na leo ni Ijumaa. Broila 95 wa umri huo wanakula karibu kilo kumi na sita kwa siku, theluthi ya mfuko, kama shilingi 26,000. Siku tatu ni 78,000. Faida imekwisha na mkono umeingia mfukoni. Kuku wameongezeka uzito, ndiyo, lakini mtaani broila anauzwa kwa kichwa, hauzwi kwa kilo.

Ndiyo maana nasisitiza tarehe.

Hatua ya 6: Agiza vifaranga, na uliza maswali haya

Hesabu kurudi nyuma. Unataka kuuza chotara wiki ya Krismasi? Toa wiki kumi na mbili hadi kumi na nne: vifaranga waingie katikati au mwishoni mwa Septemba. Broila kwa Idd wahesabie wiki tano, na ukumbuke kwamba Idd inafuata mwezi, kwa hiyo kila mwaka inawahi kwa kama siku kumi au kumi na moja kuliko mwaka uliotangulia. Weka oda mapema. Karibu na sikukuu kila mtu anataka vifaranga.

Muulize wakala: wametotolewa wapi na lini? Wamechanjwa Mareksi (ugonjwa wa kupooza kuku) siku ya kwanza? (Kwa chotara na kienyeji hili ni la lazima, kwa sababu watakaa muda mrefu.) Wakifika wamekufa kwenye boksi, mnarudisha? Anayekasirika kwa kuulizwa, mwache.

Hatua ya 7: Kagua boksi kabla hujalipa salio

Fungua mfuniko taratibu, mahali pasipo upepo. Sikiliza kwanza. Kilio cha chini kinachopishana ni kizuri. Kelele kali za pamoja maana yake wana baridi au kiu. Mtoe mmoja mmoja, hata kumi tu kutoka pembe tofauti. Mlaze chali kiganjani: mzima atajigeuza upesi. Angalia kitovu, kiwe kimefunga na kukauka, bila uzi mweusi wala unyevu. Angalia sehemu ya haja, iwe safi. Macho yang'ae. Miguu iwe na mng'ao. Ikiwa imesinyaa kama karatasi, wamekaa safarini bila maji kwa muda mrefu.

Wafikie bruda (sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto) iliyokwisha pashwa joto, nyuzi thelathini na mbili hadi thelathini na tano usawa wa mgongo wa kifaranga, na ushushe kama nyuzi tatu kila wiki. Chovya mdomo wa wachache kwenye maji yenye glukosi, wengine wataiga. Usiku huohuo, kama saa nane baada ya kuwaingiza, papasa gole (mfuko wa chakula ulio chini ya shingo) la vifaranga kumi. Likiwa limejaa na laini kama uji mzito, amekula na kunywa. Likiwa gumu, amekula bila maji. Tupu likiwa kwa zaidi ya mmoja au wawili, sogeza vyombo karibu na joto na uongeze mwanga.

Hatari ya mkaa: usiwashe jiko ndani ya bruda iliyofunikwa turubai pande zote. Hewa ya mkaa inaua vifaranga, na inaweza kukuua na wewe uliyelala pembeni kuwachunga. Acha nafasi juu.

Hatua ya 8: Chanjo kulingana na mbegu

Broila: siku ya saba mdondo (ndiyo kideri, au Newcastle), siku ya kumi na nne Gumboro (ugonjwa unaodhoofisha kinga ya kuku), siku ya ishirini na moja mdondo tena. Chotara na kienyeji: hizohizo, kisha Gumboro ya pili siku ya ishirini na nane, ndui kwenye wiki ya sita hadi ya nane, na mdondo kila baada ya miezi mitatu. Kwa kuku wachache ipo chanjo ya I-2 inayostahimili joto kidogo. Ni tone moja kwenye jicho moja. Afisa mifugo akikupa ratiba tofauti kwa sababu ya ugonjwa uliopo eneo lenu, mfuate yeye.

Kosa la kila siku ni kuchanganya chanjo na maji ya bomba yenye dawa ya klorini. Klorini inaiua chanjo. Tumia maji safi ya kisima, au weka kijiko kidogo cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, koroga, subiri dakika kumi na tano, ndipo uweke chanjo. Wanyime maji saa moja au mbili kabla, ili wamalize yote ndani ya saa mbili.

Hatua ya 9: Pima kila wiki, siku ileile

Shika kuku kumi bila kuchagua, pima, gawanya kwa kumi, andika. Kwa mazingira yetu broila akifika gramu 160 siku ya 7, gramu 400 siku ya 14, gramu 800 siku ya 21, kilo 1.3 siku ya 28 na kilo 1.8 siku ya 35, unakwenda vizuri. Siku ya 21 piga simu kwa wanunuzi wako wote, waambie uzito na siku. Usisubiri wafike.

Awamu ya kwanza iwe hamsini au mia. Najua utaambiwa mia hazina faida. Awamu ya kwanza unajinunulia uelewa wa banda lako, na kuku mia wanatosha kukufundisha bila kukufilisi.

Mambo yakienda kombo

*Vifaranga wamerundikana chini ya taa.* Baridi. Ongeza joto, ziba upepo wa chini. Wakiwa wametawanyika pembeni na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakikwepa upande mmoja tu, kuna upepo unaingia upande huo.

*Kinyesi kina damu, manyoya yamesimama.* Yaelekea ni kuharisha damu, na masika ndiyo wakati wake. Chota maranda kiganjani, ukamue: yakishikana donge, yamelowa. Toa yote yaliyolowa, hasa chini ya vyombo vya maji, weka makavu, na upate dawa kwa ushauri wa afisa mifugo siku hiyohiyo. Dawa yoyote ina siku za kusubiri kabla ya kuuza. Zimeandikwa kwenye kopo au pakiti. Ziheshimu, kuna mtoto atakula nyama ile.

*Broila wakubwa wanahema na kufa mchana.* Toa chakula saa nne asubuhi, rudisha saa kumi jioni. Maji yawe mengi na ya baridi, badilisha kila saa. Mwagia paa maji. Ingia taratibu uwainue wasilaliane. Wauze wakubwa leo, upate nafasi.

*Broila analala, miguu haimbebi.* Mara nyingi ni kujaa sana bandani, sakafu ya kuteleza, au chakula cha kuchanganya nyumbani kisicho na madini ya kutosha. Anayeanza anunue chakula kilichotengenezwa, ajifunze kuchanganya baadaye.

*Chotara hawalingani.* Tenganisha majogoo na mitetea kuanzia wiki ya nane, na wadogo uwape chombo chao. Kama hata wa jinsia moja bado wanapishana kwa nusu kilo na zaidi, rudi kwenye Hatua ya 6 ukamuulize wakala wako vizuri.

*Wamefika uzito, na mnunuzi hapokei simu.* Mpigie wa pili na wa tatu papo hapo, usimsubiri wa kwanza mpaka kesho. Kama ifikapo jioni hakuna jibu, panga kuchinja nusu. Ondoa chakula usiku, acha maji, mchinjaji aje alfajiri, kuku wanyonyolewe na wapoe kwenye maji ya barafu kabla ya kufungwa. Tafuta jirani mwenye friji la kugandisha ukodishe nafasi kwa wiki moja. Halafu chukua wawili, wafunge vizuri, waonyeshe kwa vibanda vitano ambavyo hukuwahi kufika.